Kinywa cha nani? Du Toit, Preller au Langenhoven: uanze na yupi kati ya watetezi wa mwanzo wa Kiafrikana

Kijana mmoja wa kikundi cha maigizo ya ridhaa aliniuliza juzi: "Kaka, tunatafuta mtu wa kumtungia mchezo wa saa moja. Awe aliipigania lugha yake gazetini mchana, jukwaani usiku." Nikamwambia awatazame watetezi wa Kiafrikana, lugha ya Makaburu wa Afrika Kusini iliyotokana na Kiholanzi. Akakunja uso.

Sikumlaumu. Kwetu neno Kaburu halina utamu, na kuhusu lugha hiyo wengi tunajua tarehe moja tu, 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto walipoandamana kukataa kufundishwa kwayo wakamiminiwa risasi. Baadhi ya vijana walioikimbia nchi baada ya siku ile walifika hadi Mazimbu, Morogoro, wakasoma katika shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Lakini mgala muue na haki yake mpe. Miaka mia moja kabla ya Soweto, Kiafrikana chenyewe kilikuwa kitu cha kuchekwa. Waungwana wa Cape Town walisali kwa Kiholanzi, wakafanya biashara na kesi zao kwa Kiingereza, na ile waliyoongea na watumishi wakaiita lugha ya jikoni. Walioitoa jikoni walikuwa watu wa magazeti, na hao hao ndio waliotunga michezo.

Nimeweka watatu mezani: S. J. du Toit wa Paarl, Gustav Preller wa Pretoria na C. J. Langenhoven wa Oudtshoorn. Wote waliandika gazetini, wote waligusa maigizo, na kila mmoja ana sababu yake ya kuchaguliwa. Kipimo nilichotumia ni kile ambacho mtu wa jukwaa angekitumia: maneno haya yametiwa katika kinywa cha nani?

Waliotangulia

Kipimo hicho hakikuanzia kwangu. Kimo ndani ya historia yenyewe. Kiafrikana kilipanda jukwaani kabla hakijawa na gazeti, na kilipanda kwa aibu. Mwaka 1832 Charles Etienne Boniface, Mfaransa mzaliwa wa Paris aliyehamia Cape Town, mhariri wa magazeti na mtunzi wa michezo kwa mkupuo mmoja, alichapisha mchezo wa kuwakejeli wamisionari na watu wa kampeni ya kuacha pombe. Waheshimiwa ndani yake wanaongea Kiholanzi. Wakhoikhoi, wenyeji wa asili wa huko, wanaongea lugha ya mitaani, yaani Kiafrikana, na hapo ndipo watazamaji walipotarajiwa kucheka. Miaka sita baadaye, Grahamstown, waigizaji wa ridhaa wakaonyesha kichekesho cha Andrew Geddes Bain kuhusu Kaatje Kekkelbek, mwanamke wa Kikhoikhoi anayeimba nusu Kiingereza nusu Kiafrikana na kujitambulisha kuwa ametoka Kat River. Mshike Kaatje kwa kichwa, tutamhitaji mwishoni.

Katika mji huo huo, mwishoni mwa 1831, kijana Louis Henri Meurant alikuwa ameanzisha gazeti la Kiingereza, Graham's Town Journal. Huyu ningekubembeleza umsome hata kama simweki kwenye ushindani. Mwaka 1860, akiwa Cradock, alianza kuandika gazetini mazungumzo ya wakulima wawili, Klaas Waarzegger na Jan Twyfelaar. Kwa Kiswahili ungewaita Klaas Msemakweli na Jan Mashaka. Wanabishana kama mkoa wa mashariki ujitenge na Cape Town au usijitenge, na wanabishana kwa lugha ya barazani kwao. Mwaka 1861 mazungumzo hayo yakatoka kama kitabu. Ni siasa ya gazeti, lakini ukiyasoma kwa sauti ni mchezo wa watu wawili ulio tayari: viti viwili, kiko kimoja, basi. Mabadiliko yake ni madogo kwa kuyatazama, ila ni makubwa kwa maana yake. Lugha ilihama kutoka kinywa cha anayechekwa ikaingia kinywa cha anayefikiri. Meurant mwenyewe hakuwa na kampeni ya lugha. Alitaka hoja yake isikike, akachagua sauti ambayo wasomaji wangeitambua.

Gazetini: nani alikuwa mwandishi wa habari kweli?

Du Toit alizaliwa 1847 na kazi yake ilikuwa uchungaji. Tarehe 14 Agosti 1875, katika nyumba ya Gideon Malherbe mjini Paarl, yeye na wenzake wachache walianzisha Genootskap van Regte Afrikaners, yaani Chama cha Waafrikana wa Kweli, na tarehe 15 Januari 1876 wakatoa toleo la kwanza la Die Afrikaanse Patriot. Wenyewe waliandika "Di", maana waliamua kuandika kama wanavyotamka, Kiholanzi kipende kisipende. Lilianza likitoka mara moja kwa mwezi, likiwa na walipiaji wapatao hamsini. Ndani ya miaka michache likawa la kila wiki na walipiaji wakapita 3,000. Waandishi walijificha nyuma ya majina ya bandia. Casparus Hoogenhout, katibu wa chama, mzaliwa wa Amsterdam, aliandika akijiita Klaas Waarzegger Mdogo. Unaona? Mhusika wa Meurant alipata mtoto, na mtoto akaingia kwenye harakati.

Humo ndimo du Toit alimokuwa hodari, ingawa si kwa uandishi wa habari tunaoujua leo. Patriot lilikuwa mimbari. Chama kiliwagawa Waafrikana makundi matatu: wenye moyo wa Kiingereza, wenye moyo wa Kiholanzi, na wenye moyo wa Kiafrikana. Hao wa tatu ndio "wa kweli". Ukilisoma gazeti lao unamsikia mchungaji anayehesabu kondoo.

Preller ni jambo lingine. Alizaliwa Pretoria 1875, akapigana vita vya Waingereza na Makaburu, akakamatwa na kupelekwa India akiwa mfungwa. Aliporudi aliingia chumba cha habari cha De Volkstem, Pretoria, na huko akawa mwandishi wa ajira, mwenye mhariri juu yake na saa ya kufunga kurasa. Serikali ya Milner, gavana wa Kiingereza, wakati huo ilikuwa ikisukuma Kiingereza shuleni kwa nguvu zote. Mwaka 1905 Preller akaandika mfululizo wa makala uliobeba wito wa kulichukulia jambo hili kwa dhati, akidai kwamba kama Kiafrikana kinazungumzwa basi kiandikwe, tena kiandikwe vizuri. Mwaka huo huo Eugène Marais, mwanagazeti mwenzake, alichapisha shairi lake la Winternag katika Land en Volk, likawa kama ushahidi uliofikishwa mahakamani siku ya kesi. Desemba ikaja na chama, Afrikaanse Taalgenootskap. Hoja, mfano, chama: vyote ndani ya mwaka mmoja. Anayetaka kujifunza jinsi kampeni ya lugha inavyoendeshwa ndani ya gazeti amsome Preller, hakuna wa kumkaribia.

Langenhoven, mzaliwa wa 1873, alikuwa wakili. Mwaka 1912 alikuwa mhariri wa Het Zuid-Westen mjini Oudtshoorn, mji wa mbuni na manyoya yake, na baadaye alijaza safu za Die Burger kwa miaka. Huyu ni wa kuchekesha. Aliandika misemo mifupi, visa vya mazimwi kwa watoto, hadithi ya mgeni kutoka sayari nyingine, na kisa cha Herrie, tembo wa kubuni anayevuta behewa. Mwaka 1929 alichonga jina la tembo huyo kwenye jiwe huko Meiringspoort. Jiwe lipo hadi leo na wasafiri husimama kulipiga picha. Gazetini kwake alimwajiri Sarah Goldblatt, Myahudi mzaliwa wa London, ambaye baadaye ndiye aliyebaki akizitunza kazi zake. Simulizi ya wawili hao ni mchezo kamili peke yake, ila siyo uliotafutwa na kijana wangu.

Jukwaani

Hapa mizani inacheza.

Du Toit alitunga Magrita Prinslo, mchezo wa mapenzi na uaminifu uliowekwa katika safari kuu ya Makaburu kwenda bara. Ulitoka miaka ya mwisho ya karne ya 19 na huhesabiwa miongoni mwa tamthilia za kwanza kabisa za Kiafrikana. Nitasema wazi: kama mchezo, ni mzito. Watu wake wanasimama na kuhutubia. Ila angalia nani anahutubia. Msichana wa Kikaburu analia, anaomba na kupenda kwa lugha ambayo miaka sitini kabla ilikuwa ya Kaatje peke yake. Jukwaa lilikuwa limefutwa na kupigwa rangi upya.

Preller alikuwa mtu wa kikundi. Pretoria, 1907, ilianzishwa jumuiya ya maigizo ya Kiafrikana na Kiholanzi, na yeye alikuwa kati ya waliosukuma kazi hiyo, ya watu wanaotoka kazini jioni na kukariri maneno usiku. Kwa kikundi cha ridhaa hiki ndicho kisa kinachofanana na maisha yenu, kuanzia kutafuta ukumbi hadi kumbembeleza mwigizaji asiye na nauli. Lakini Preller hakukomea hapo. Alitaka mashujaa, na wakubwa kuliko jukwaa. Mwaka 1906 alikuwa ameandika maisha ya Piet Retief, kiongozi wa safari kuu ya Makaburu, na 1916 akaandika hadithi ya filamu ya De Voortrekkers, ambayo wafanyakazi Waafrika wa migodini walikodiwa waigize jeshi la Wazulu wa mfalme Dingane. Swali langu linapata jibu la ajabu hapo. Filamu ilikuwa bubu. Katika kazi kubwa kuliko zote za Preller, lugha aliyoipigania haikusikika kinywani mwa yeyote. Kilichobaki ni maandishi kwenye pazia.

Langenhoven alitunga Die Hoop van Suid-Afrika, 1913, mchezo wa historia na utabiri ambamo nchi na matumaini yake vinageuka watu wanaosema. Leo hauigiziki bila mkasi mkali. Nguvu yake ya kimaigizo iko kwingine, kwenye hotuba. Mwaka 1914, akitetea Kiafrikana kiwe lugha ya kufundishia, aliwaambia wasikilizaji wawaze safu ya nguzo ukumbini, kila nguzo mwaka mmoja, na kila moja iwekwe alama ya kimo cha Kiafrikana kilichoandikwa mwaka huo. Nguzo ya kwanza alama iko karibu na sakafu, ya mwisho iko darini. Hakuwa na nguzo wala mwangaza wa jukwaa, ila watu waliziona. Mwaka huo huo hoja yake ya Kiafrikana mashuleni ikapita katika baraza la mkoa wa Rasi (Cape). Msanii wa jukwaa asiyemwonea wivu kwa hilo simwelewi.

Mwisho wa kila mmoja

Mtunzi wa mchezo hatafuti mtu mwema, anatafuta mtu anayeanguka. Kwa hesabu hiyo hakuna mashindano.

Langenhoven alifika kileleni. Mei 1918 aliandika Die Stem, ambayo baadaye ikawa wimbo wa taifa wa serikali ya ubaguzi. Tangu 1997 sehemu yake imeunganishwa na Nkosi Sikelel' iAfrika ya Enoch Sontonga. Kwa hiyo Mtanzania anayesimama uwanjani Afrika Kusini anasikia kwanza sauti ya Mungu ibariki Afrika, kisha, kabla hajakaa, beti la Langenhoven. Mwaka 1925 Kiafrikana kikapewa nafasi ya lugha rasmi, yeye akiwa hai kuona. Alikufa 1932 nyumbani kwake Arbeidsgenot, ambako sasa ni makumbusho. Preller naye alikufa 1943 akiwa na heshima zake zote, mwandishi wa hadithi ambayo utawala wa wabaguzi ungeikuta imeshaandikwa.

Du Toit alianguka. Kwanza alipanda: 1879 aliasisi Afrikaner Bond, chama cha siasa; 1882 akapewa usimamizi wa elimu Transvaal, jamhuri ya Makaburu; 1884 alikuwa London pamoja na rais Paul Kruger na Jenerali Smit kutia sahihi mkataba na Waingereza. Kisha akarudi Rasi na kuanza kuelekea upande wa Cecil Rhodes, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa Rasi. Watu wa Rhodes walipoivamia Transvaal mwishoni mwa 1895, wakiongozwa na Jameson, wasomaji wa Patriot waligeuka nyuma wakamwona mwasisi wao amesimama upande wa pili. Walimhama. Gazeti lilijivuta hadi 1904 likafa. Wakati Preller anaandika makala zake za 1905, mzee wa Paarl alikuwa hai bado, akitafsiri vitabu vya Biblia kimoja kimoja kwa lugha aliyoianzishia gazeti, na vijana wa harakati mpya hawakuwa na haja naye. Hata tahajia yake ya "di" na "fan" waliiacha wakarudi karibu na Kiholanzi. Alifariki 1911. Biblia kamili ya Kiafrikana ilitoka 1933.

Ndani ya kisa hicho kuna kisa kingine. Wazo la Biblia halikutoka kwa du Toit. Lilitoka kwa Arnoldus Pannevis, mwalimu Mholanzi wa Paarl, aliyeona kwamba watu weusi na machotara wa Rasi hawakielewi Kiholanzi cha kanisani. Mwaka 1874 aliwaandikia watu wa shirika la Biblia mjini London, wakakataa. Mwaka uliofuata chama kikaundwa, na katika tamko lake wale ambao Pannevis aliwahurumia hawakuwamo tena. Lugha ilikuwa imepata wenyewe wapya.

Wasiokaa meza moja nao

Usichague bado. Wakati Paarl wanachapa Patriot, Kiafrikana kilikuwa kikiandikwa tayari na watu wengine kwa herufi nyingine, na msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu: herufi za Kiarabu. Katika madrasa za Waislamu wa Cape Town watoto walifundishwa dini kwa lugha yao, imeandikwa kama mababu zetu wa pwani walivyoandika tenzi. Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa na dola ya Uthmani na kufika Rasi mwaka 1863, alitunga Bayan al-Din, kitabu cha fikihi kwa Kiafrikana, kikapigwa chapa Istanbul 1877. Si mwanagazeti wala mwigizaji, kwa hiyo hayumo katika ulinganisho huu. Ila neno "wa kwanza" ukilikuta kwenye kijitabu cha watalii, mkumbuke.

Wa pili yumo kabisa, sema hana sura. Tangu 1909 gazeti la A.P.O., la chama cha siasa cha machotara kilichoongozwa na daktari Abdullah Abdurahman, lilikuwa na safu iliyoitwa Straatpraatjes, soga za mtaani. Mwandishi alijiita Piet Uithalder, na wanaoichunguza safu hiyo wanaona dalili nyingi kwamba alikuwa daktari mwenyewe. Piet na rafiki yake Stoffel wanazunguka mjini, wanaingia bungeni, wanakutana na mawaziri, wanasikiliza, kisha wanatuletea umbea wote kwa Kiafrikana cha mitaa ya Cape Town. Waheshimiwa wazungu ndio vichekesho. Makala za mbele za gazeti hilo ziliandikwa kwa Kiingereza safi, na daktari aliyesomea Glasgow hakuwa mtetezi wa Kiafrikana hata kidogo. Aliitumia lugha kwa sababu ndiyo iliyokuwa na meno.

Kwa kipimo cha kinywa, Uithalder anawafunga wote watatu. Soga zake ni mchezo kuliko michezo yao.

Basi, yupi?

Kama unataka kusoma kwa raha, au unafundisha watoto, Langenhoven. Chukua tembo wake na jiwe lake, ila acha michezo yake. Kama wewe ni mhariri, au mnapigania lugha yenu ndogo isiyo na gazeti na mnataka kujua kazi inavyopangwa, Preller wa 1905 hadi 1910, na usivuke hapo bila tahadhari, kwa sababu mbele yake ni ujenzi wa ngano za ushujaa na utakuta umemsifu mtu kwa jambo usilolikusudia.

Kwa jukwaa, nilimwambia kijana wangu amchukue du Toit. Ana mtambo wa kuchapia ndani ya nyumba ya rafiki, nyumba ambayo leo ni makumbusho ya lugha hapo Paarl na unaweza kuuona mtambo wenyewe. Ana majina ya bandia, ana kanisa linalomnunia, ana London na mkataba, ana wasomaji wanaoondoka mmoja mmoja. Tena ni nafuu kuuigiza: meza, taa, karatasi, watu wanne.

"Na yule wa soga za mtaani?" akauliza.

Nikamwambia amweke, wala asimweke mwishoni. Jina Uithalder halikuokotwa ovyo. Willem Uithaalder alikuwa kiongozi wa Wakhoikhoi walioasi mwaka 1851, na waliasi huko huko Kat River, nyumbani kwa Kaatje. Kwa hiyo pazia lifunguke Grahamstown, 1838: mwanamke anaimba, ukumbi unaangua kicheko. Kwenye kiti cha nyuma kabisa amekaa Piet na daftari lake, anaandika majina ya wanaocheka.